Kwa mnaoanza kazi ya uandishi: mjueni mwenye chombo

Wadogo zangu, wiki ya kwanza mtaonyeshwa namna ya kutuma stori na mtatajiwa mhariri wa zamu. Mwenye chombo cha habari hamtatajiwa, mtafuteni wenyewe. Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti ni za Mwananchi Communications, kampuni tanzu ya Nation Media Group ya Nairobi. Nipashe, ITV na Radio One ni za IPP, iliyoanzishwa na marehemu Reginald Mengi. Kampuni iliyo soko la hisa hutaja wanahisa wake wakubwa kwenye ripoti ya mwaka. Isiyo sokoni, ingieni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mlipie upekuzi.

Chukueni michezo, maana ndiko wengi mnakokimbilia. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Azam FC, inayocheza ligi hiyohiyo, nayo ni ya familia ya Bakhresa, kama ulivyo unga, juisi na boti za Zanzibar. Sisemi kuna mchezo mchafu, na fedha zile klabu ndogo zilizihitaji kweli. Ila anayehoji ratiba ya ligi ajue anagusa biashara ngapi za nyumba moja. Waajiri wenyewe ni wachache, ukikorofishana na mmoja huna pengi pa kuhamia.

Tajiri mwenye chombo hapigi simu kuzuia stori. Jioni tazameni kurasa zinavyopangwa: matangazo yanatangulia, habari zinajaza palipobaki. Stori inayomgusa mtangazaji mkubwa haikataliwi. Utaambiwa "ongeza chanzo", itasogezwa hadi Jumatatu, kisha itakuwa imepitwa. Muulizeni mhariri kwa heshima, na kwa maandishi, ni chanzo gani kinakosekana. Mara nyingine kweli kinakosekana, na mhariri yuko sahihi.

Mwandishi wa kujitegemea ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa analipwa kwa stori iliyotoka. Iliyolala imekula nauli na vocha yake. Baada ya miezi michache anaacha kuzileta za namna hiyo, wala hakuna aliyemkataza. Ukiwa katika hali hiyo, fanya hesabu mapema: stori za bei ya nyanya na mikutano ya halmashauri zikulipie nauli, na kila mwezi ifuatilie moja ngumu ukijua huenda isilipwe.