Arobaini ya mkeo

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama arobaini ya uzazi ni dini au ni mila yetu tu, na wa dini nyingine wanafanyaje, maana mkeo ana wiki mbili tangu ajifungue na tayari anataka kurudi kwenye kibanda chake cha vitenge hapo Tabora.

Ya mtoto umeyatimiza. Umemwadhinia sikio la kulia, umemkimia la kushoto, siku ya saba mkachinja mbuzi wawili wa akika, sadaka ya mtoto, na kumnyoa. Wengi wakishakula pilau hiyo humsahau aliyezaa, na jambo hilo linaniuma.

Sheria ya dini inahusu damu. Nifasi, yaani damu ya uzazi, kwa kawaida ni siku 40, na masheikh wetu wa madhehebu ya Kishafi huifikisha hadi 60. Ikikatika mapema mama anaoga, anaswali. Kumpumzisha ndani ni mila, lakini ni mila yenye maana kubwa.

Wala si sisi tu. Katika Torati, Walawi 12, mama wa mtoto wa kiume alihesabu siku 7 na nyingine 33, jumla 40. Wa kike 80. Kisha alipeleka mwanakondoo, na asiye na uwezo njiwa wawili. Jirani yangu Mkatoliki alinisomea kwenye Luka kwamba Bibi Mariamu naye alikwenda hekaluni na sadaka hiyo ya wanyonge. Nilinyamaza kitambo. Ndiyo maana wao wana sikukuu tarehe 2 Februari, siku ya 40 ukianza na Krismasi yenyewe. Kwa Waorthodoksi padri humwombea mama na mtoto siku ya 40. Wachina humweka mzazi ndani mwezi mzima, kisha hugawa mayai mekundu. Wahindu wengi humpa mtoto jina siku ya 11 au ya 12. Masingasinga hufungua kitabu chao kitakatifu, na herufi ya kwanza ya utenzi uliotokea ndiyo huanza jina.

Nilipokuzaa wewe sikuwa na mtu. Siku ya kumi nilikuwa mwaloni, kando ya ziwa, naanika dagaa. Homa ikanilaza, maziwa yakapungua, ukawa unalia usiku kucha. Bibi yako akaja kwa treni kutoka huko Tabora, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa migebuka, asiniachie hata kuinua ndoo. Maziwa yakarudi taratibu.

Kwa hiyo usimwambie mkeo kwamba amekatazwa kutoka. Kibanda mtafutie mtu wa kukaa. Maji uchote wewe, nepi ufue wewe. Akivuja damu nyingi au akipata homa mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na kliniki aende. Arobaini haizuii hayo. Asali ya huko wazee watataka kumlambisha mtoto. Kataa kwa adabu: kwa aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kuleta sumu ya kulegeza misuli. Mpe mama yake.

Nakuja kwa treni ya wiki hii, nina mawese na dagaa. Usimwambie, asije akaanza kudeki nyumba.

Mama yako