"Command not found" na "Permission denied" ni makosa mawili, kila moja na dawa yake

Ndugu, umesema skripti yako (faili ya amri) `nakala.sh` iko ndani ya `~/kazi`, ambapo `~` ni folda yako ya nyumbani. Ukiandika jina lake tu unaambiwa "command not found". Ukiandika `./nakala.sh` unaambiwa "Permission denied". Ukapiga `chmod -R 777 ~/kazi`, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote, kwa sudo (mamlaka ya msimamizi), na sasa imekuja "bad interpreter: No such file or directory". Hayo ni matatizo matatu yaliyokuwa yamefichana, na 777 imekuongezea la nne.

Kosa likitokea, kabla hujaandika kitu kingine, andika `echo $?`. Ikitoka 127, bash (programu inayopokea amri zako kwenye terminali) haikuipata amri. Ikitoka 126, imeipata lakini imeshindwa kuiendesha. Kwenye 127 kuhangaika na `chmod` ni kupoteza muda, maana ruhusa hazijafikiwa hata kidogo.

Tuanze na 127. Ukiandika jina tupu, bash hutafuta kwenye folda zilizotajwa ndani ya PATH (orodha ya mahali pa kutafuta amri) peke yake, kutoka kushoto kwenda kulia, na ya kwanza kupatikana ndiyo inayoendeshwa. Zione kwa `echo "$PATH"`. Zimetenganishwa kwa nukta mbili (`:`). Folda uliyomo haimo, na usiiweke: mtu akiacha faili yenye jina `ls` kwenye folda ya pamoja, siku moja utaiendesha bila kujua. Ndiyo maana ya `./`, kwamba unataja mwenyewe ilipo. Ukitaka iitike popote, ihamishie `~/bin`, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc` (kwenye macOS ya kuanzia 2019 kwa kawaida ni `~/.zshrc`, kwa sababu huko wanatumia zsh badala ya bash):

`export PATH="$HOME/bin:$PATH"`

Hiyo `:$PATH` ya mwisho usiisahau. Ukiiacha, hata `ls` itapotea. Likikupata hilo usifunge terminali; andika `PATH=/usr/bin:/bin`, amri zitarudi, kisha sahihisha faili. Ndani ya alama za nukuu andika `$HOME`, si `~`, kwa kuwa hapo `~` haigeuzwi kuwa njia kamili. Ukihamisha programu na bash ikang'ang'ania mahali pa zamani, `hash -r` huifuta kumbukumbu hiyo. Na `type -a jina` hukuonyesha nakala zote zilizopo kwenye PATH. Naiamini kuliko `which`, kwa sababu hutaja pia alias (majina ya mkato) na amri za ndani ya bash zinazoweza kuitangulia programu yako.

Sudo kwa kawaida ina PATH yake (`secure_path`), na cron (inayoendesha amri kwa ratiba) nayo ina yake fupi sana. Amri inayofanya kazi kwako ikikataa huko, andika njia kamili kuanzia `/`.

Sasa 126. `ls -l nakala.sh` ikionyesha `-rw-r--r--`, hakuna `x`, kwa hiyo faili inasomeka lakini haiendeshwi. Kinachohitajika ni `chmod u+x nakala.sh`, basi. Zile herufi tisa baada ya alama ya kwanza ni tatu za mmiliki, tatu za kikundi, tatu za wengine, na mfumo hutazama fungu moja tu. Ukiwa mmiliki, unapimwa kwa fungu la mmiliki hata kama kikundi kimepewa zaidi.

Kwenye folda `x` ina maana nyingine: ruhusa ya kupita. Faili inaweza kuwa wazi kabisa na bado ukakataliwa kwa sababu folda moja huko juu haikuruhusu kupita. Usikague moja moja. `namei -l /njia/kamili/ya/faili` inazipanga zote, na penye pengo utapaona. Kufuta faili nako kunategemea `w` (kuandika) na `x` za folda iliyoibeba, si ruhusa za faili yenyewe.

Ikiwa `x` ipo na bado inakataa, tazama `findmnt -T nakala.sh`. Ukiona `noexec`, diski hiyo imewekwa isiruhusu kuendesha programu. `bash nakala.sh` itafanya kazi, kwa kuwa hapo bash inaisoma tu faili. Kwenye flashi ya FAT au exFAT `chmod` haishiki, maana aina hiyo haihifadhi ruhusa za Unix.

Hilo la "bad interpreter" ni la mwisho wa mistari. Skripti imehifadhiwa kwa mtindo wa Windows, hivyo mstari wa kwanza unaishia na alama isiyoonekana, na mfumo unatafuta programu inayoitwa `bash` pamoja na alama hiyo. Bash mpya husema "cannot execute: required file not found", lakini kisa ni kilekile. Hakiki:

`head -1 nakala.sh | cat -et`

Ukiona `^M$`, safisha kwa `sed -i 's/\r$//' nakala.sh` kwenye Linux. Kwenye macOS tumia `tr -d '\r' < nakala.sh > mpya.sh`, halafu uipe `x` upya.

Turudi kwenye 777, kwa sababu hilo linaniumiza nikiliona. Umempa kila mtumiaji wa mashine uwezo wa kubadilisha skripti utakayoiendesha wewe. Ukifanya hivyo kwenye `~/.ssh`, ssh (programu ya kuingia kwenye mashine nyingine) itaikataa funguo yako mpaka uirudishe: folda 700, funguo ya siri 600, yaani wewe peke yako. Kurekebisha kwa `chmod -R u=rwX,go=rX` hakutoshi, kwani `X` kubwa huiacha `x` kwenye faili zilizokwisha kuwa nayo, na sasa zote zinayo. Tumia hizi mbili:

`find ~/kazi -type d -exec chmod 755 {} +`
`find ~/kazi -type f -exec chmod 644 {} +`

Kisha `chmod u+x` kwa skripti peke yake. Faili ulizozitengeneza kwa sudo ni za root (msimamizi mkuu). Zirudishe kwa `sudo chown -R "$USER": ~/kazi`.

Ukijaribu `sudo echo ... > /etc/faili` ukakataliwa, ni kwa sababu faili inayofuata `>` inafunguliwa na bash yako kabla sudo haijaanza. Andika `echo ... | sudo tee -a /etc/faili`. Ile `-a` inaongeza mwishoni. Bila hiyo yaliyokuwemo yanafutwa.

Ukijiongeza kwenye kikundi, tumia `usermod -aG`. Bila `-a` unatolewa kwenye vikundi vingine vya ziada. Toka kwenye akaunti uingie tena, kisha hakikisha kwa `id`.

Na ukiona "Operation not permitted" hata ukiwa root, acha `chmod`. Kwenye Linux piga `lsattr faili`. Herufi `i` ikiwemo, yaani faili imefungwa isibadilishwe, iondoe kwa `sudo chattr -i faili`, baada ya kujua nani aliiweka na kwa nini.