"Mlijua lini?"

Wiki ile mhasibu wa shirika letu la hisani alipobainika kuwa anawalipa wauzaji hewa, mimi nilikuwa kwenye dawati la wachangiaji. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kutuma risiti na barua za shukrani. Ghafla nikawa wa kupokea matusi. Nilidhani watu watauliza ni kiasi gani kimeibwa. Waliouliza hilo ni wachache mno. Mama mmoja aliyetuchangia kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja aliniacha nimsomee taarifa niliyopewa mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nyinyi mlijua lini?"

Nikakwama. Uongozi ulikuwa unajua tangu miezi minane nyuma. Karatasi yangu ilisema tu kwamba "hatua stahiki zimechukuliwa". Mama akanishukuru, akakata simu, na kesho yake mchango wake ukasitishwa. Hakunitukana hata neno moja. Ajabu ni kwamba wengi wa wale waliotukana tuliendelea nao.

Tangu hapo, kashfa ikitokea popote natafuta tarehe mbili: ya kujua na ya kusema. Shirika la misaada la Oxfam, tawi la Uingereza, lilichunguza mwaka 2011 wafanyakazi wake wa Haiti waliodaiwa kununua ngono, baada ya tetemeko la 2010. Wanne walifukuzwa, watatu wakajiuzulu, mmoja wao mkurugenzi wa huko. Lakini taarifa kwa umma ilitaja utovu wa nidhamu tu, bila kugusa habari ya kununua ngono. Gazeti la The Times lilipoyaanika Februari 2018, wachangiaji wapatao 7,000 walisitisha michango ndani ya siku kumi hivi. Mwaka huohuo Haiti ikalipiga marufuku tawi hilo la Uingereza. Kwa macho ya mchangiaji, miaka ile karibu saba ya katikati ilikuwa kosa la pili.

Kwa hiyo, wewe unayeongoza shirika la hisani: ukigundua wizi, andika tarehe hiyo mahali, kwa sababu utaulizwa. Usisubiri uchunguzi ukamilike ndipo useme. Sema unachokijua leo, sema usichokijua, na taja siku utakayorudi na majibu. Anayepokea simu mpe ukweli uleule uliopewa bodi. Na mtazame vizuri aliyekuletea habari. Kwetu alikuwa mtunza stoo, na "shukrani" aliyopata ni uhamisho. Baada ya hapo, nani mwingine angefungua mdomo?

Nawe mchangiaji, una haki ya kukasirika, ila piga simu kwanza kabla ya kusitisha. Mhasibu wetu hakulala njaa michango iliposhuka. Tulichofunga ni darasa la jioni. Ukizungushwa, hapo ondoka na fedha zako uzipeleke kwingine.

Mwaka uliofuata uongozi ulikuwa mpya. Nikaomba ruhusa ya kumwandikia yule mama, na safari hii barua ilikuwa na tarehe zote, hata zile za kutuaibisha. Miezi miwili kimya. Kisha nikaona jina lake kwenye orodha ya mwezi, kwa nusu ya kiasi cha zamani. Hajawahi kukiongeza, nami sijawahi kumwomba.