Nakshi za miduara na picha ya taa katika sebule ndogo

SWALI: Sebule yetu ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Nimezipenda nakshi za mtindo wa miaka ya 1970, yaani miduara na miraba ya rangi ya chungwa, kahawia na haradali, na nimekusudia kubandika karatasi zake katika kuta zote nne, kisha nitundike picha kubwa ya nakshi hizo hizo yenye taa kwa nyuma. Mume wangu anasema nyumba itafanana na baa. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mumeo hajakosea sana, dada, ila kosa haliko kwenye nakshi bali kwenye kuta nne. Mwaka 1960 mbunifu wa Denmark, Verner Panton, aliipamba hoteli ya Astoria mjini Trondheim, Norwei, kwa nakshi za miduara na miraba zilizotanda sakafuni, ukutani hadi darini. Mgeni wa hoteli huondoka. Wewe utaamka humo kila siku.

Itazame kanga yako, namna mji wenye nakshi nzito unavyotulizwa na pindo. Ukuta wa nyuma ya kochi uwe mji, na hizo tatu zilizobaki ziwe pindo, zipakwe haradali iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Usihofu miduara mikubwa, hata ya kipenyo cha sentimita 40, kwa maana midogo mingi ndiyo inayochosha macho. Karatasi ningeziacha kabisa, kwani unyevu wa pwani huzibandua pembeni. Fundi rangi mwenye msumari, uzi na penseli atakuchorea miduara hiyo juu ya plasta, na itadumu.

Kwenye picha ya taa ndipo wengi wanapoharibu. Picha iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida hupauka ikimulikwa kwa nyuma, hivyo mwombe mchapaji wa mabango aichape kwenye plastiki ya kupitisha mwanga, kwa wino mzito zaidi. Tepe za LED zikikaa karibu mno na picha, utaona vidoa vya mwanga vilivyojipanga kama punje za hindi. Sanduku la kubebea picha na taa zake liwe na kina cha kutosha, na kati ya taa na picha pawe na plastiki nyeupe ya rangi ya maziwa. Soma pia namba ya kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye pakiti: taa ya 6500 ina weupe wa kibuluu unaoifisha rangi ya chungwa, ilhali ya 2700 hadi 3000 huichangamsha. Taa zinazojibadilisha rangi, nyekundu mara kijani, usizinunue. Hapo mumeo ana haki yote.

Sanduku hilo lisitundikwe juu ya ukuta wenye nakshi, wala mkabala wa televisheni, maana litaonekana ndani ya kioo chake wakati wa taarifa ya habari. Ukuta wa kando, karibu na mlango, unatosha.