Kumwambia Mungu una mashaka si dhambi
Ndugu umeuliza kama kumwambia Mungu "sina uhakika kama unanisikia" ni kukosa imani. Mi naona hapana, tena hapo ndo sala inaanza kuwa ya kweli. Soma Marko 9:24, yule baba mwenye mtoto mgonjwa alimwambia Yesu "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", yani kakiri vyote viwili kwa pumzi moja na Yesu hakumfukuza, mtoto akaponywa.

Halafu kuna Ayubu, jamaa alilalamika sura na sura mpaka marafiki zake wakamuona anakufuru, ila mwishoni (42:7) Mungu akawakasirikia hao hao marafiki waliokuwa wanamtetea Yeye Mungu kwa maneno mazuri mazuri, akasema Ayubu ndiye aliyenena vyema. Zaburi 88 nayo inaishia gizani kabisa, hakuna hata "lakini nitakusifu" pale mwisho, na bado imo kwenye Biblia.

Sasa we ukipiga magoti unasema "asante Bwana niko sawa" na moyoni umevunjika, unamdanganya nani maana anajua tayari. Leo jaribu kuanza na hiyo hiyo sentensi uliyoiandika hapa, usiipambe.