Wasomaji Wanauliza: Nimeumia, Je, Nalipwa?

Safari hii barua zilizoletwa ni za walioteleza, walioungua na waliogongwa, na karibu zote zinaishia na hilo swali la juu. Nimechagua chache. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ukishanisoma mimi bado nenda kamuone wakili wa huko uliko.

SWALI: Habari dada. Niliteleza ndani ya duka kubwa, walikuwa wametoka kupiga deki muda huohuo, hakuna kibao wala nini, nikadondokea mkono ukavunjika kwenye kifundo. Meneja alikuwa mpole sana, akanipeleka hospitali akalipa ile siku ya kwanza, halafu akanipa karatasi nisaini akasema ni utaratibu tu wa kawaida. Sasa daktari anasema nitawekwa chuma. Naweza kudai au ndo nimeshajimaliza? – Mwenye plasta

JIBU: Pole sana mpenzi. Mi swali langu la kwanza ni hiyo karatasi, uliisoma? Manake kuna karatasi ya kuandikisha tu kwamba ajali imetokea, hiyo haina neno, na kuna karatasi inayosema nimepokea hiki na sina madai mengine tena, na hiyo ya pili ndo inayowaliza watu. Omba nakala leo. Ukikuta ni hiyo ya pili usikate tamaa, mahakama zinaweza kuitupa kama mtu alidanganywa kuhusu alichokuwa anasaini, ila hapo unahitaji wakili kabisa, usibishane mwenyewe na meneja.

Sasa kwenye madai yenyewe. Wengi wanafikiri ukianguka kwa mtu basi analipa. Hapana. Lazima uonyeshe alikuwa na wajibu wa kukulinda, akazembea, na uzembe huo ndio uliokuvunja mkono, na kuna hasara umepata. Duka wajibu wanao, hilo halina ubishi. Kwenye uzembe ndo kazi ilipo, kwa sababu watakuja kusema kibao kilikuwepo we hukukiona, au maji yalimwagwa na mteja mwingine dakika moja kabla na hakuna mtu angewahi kuyafuta, na hilo la mwisho kweli linaweza kuwaokoa. Kwako we ni wao wenyewe waliopiga deki, hawawezi kusema hawakujua pana maji.

Kwa hiyo ushahidi, na haraka. Kamera za duka zinajifuta zenyewe, nyingine baada ya siku chache tu, andika barua leo uwaambie watunze picha za siku hiyo na saa hiyo, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Viatu ulivyovaa usivifue wala usivitupe, viweke kwenye mfuko, manake swali la soli imelika au haijalika litakuja tu. Yule aliyekuinua pale chini tafuta namba yake. Halafu nenda hospitali uangalie kwenye faili wameandika nini, nimeona mafaili yameandikwa "alianguka" basi, hakuna wapi wala kwa nini, na mwaka ukipita upande wa pili wanauliza tutajuaje hukuanguka kwako bafuni? Risiti zote tunza, hadi za usafiri wa kwenda kliniki.

Na usikae ukisubiri upone kwanza. Muda wa kufungua kesi una mwisho, Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, jimbo la Tennessee kule Marekani ni mwaka 1 tu. Ukipita umepita, hata kama haki ilikuwa yako yote.

SWALI: Shikamoo. Nilipanda gari la shemeji, akapitiliza taa nyekundu tukagongwa, nikapasuka uso kwa kioo cha mbele. Sikuwa nimefunga mkanda. Ndugu wanasema sina haki kwa sababu sikufunga, na pia ni aibu kumshtaki shemeji. – Kijana wa nyuzi 14

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Ndugu zako wako nyuma ya wakati kidogo. Zamani ilikuwa hivyo, mwaka 1809 huko Uingereza kuna mtu alikuwa anakimbiza farasi jioni akajikwaa kwenye mti ambao mwenye nyumba alikuwa ameulaza barabarani akikarabati kwake, mahakama ikasema na we ungeangalia mbele, akatoka mikono mitupu. Siku hizi sehemu nyingi hawafanyi hivyo, wanagawa lawama. Kwa mkanda, mahakama ya rufaa ya Uingereza iliweka kipimo miaka ya 1970 na bado kinafuatwa: kama mkanda ungezuia jeraha lote unakatwa asilimia 25 ya fidia, kama ungepunguza tu unakatwa 15, kama usingesaidia chochote hukatwi. Kwako, uso na kioo cha mbele, jiandae kukatwa. Ila kukatwa si kunyimwa.

Kuhusu aibu, mazungumzo hayo yafanyeni nyumbani mapema. Kwenye karatasi jina litakuwa la shemeji, lakini pale ambapo bima ya gari ni lazima anayelipa ni kampuni ya bima, si mfuko wake. Mwambie kabla barua ya wakili haijamfikia. Ugomvi mwingi wa kifamilia ninaoletewa umeanzia kwenye ile bahasha iliyofika bila taarifa.

SWALI: Mi naona hizi fidia zimezidi. Si kuna yule mama wa Marekani alijimwagia kahawa mwenyewe akapewa mamilioni? Watu wanapenda hela ya bure. – Asiyependa mchezo

JIBU: Hii stori kila mtu anaijua nusu. Stella Liebeck alikuwa na miaka 79, ilikuwa 1992 mjini Albuquerque, gari limesimama, si yeye aliyekuwa dereva, akabana kikombe katikati ya magoti afungue kifuniko kikammwagikia. Kahawa yenyewe ilikuwa ya McDonald's, kampuni ya migahawa, na walikuwa wanaiweka nyuzijoto 82 hadi 88. Aliungua mapajani na sehemu za siri, kuungua kwa daraja la tatu, yaani ngozi yote imekwenda, akalazwa siku 8 na kupandikizwa ngozi. Kwanza aliomba kama dola 20,000 za matibabu na gharama zake. Wakampa ofa ya dola 800. Ndo akaenda mahakamani, na huko ikatoka kwamba kampuni ilikuwa na malalamiko kama 700 ya watu walioungua kabla yake. Sasa hapo niambie, mtu wa 701 bado ni bahati mbaya?

Na juri, yaani wale raia wa kawaida wanaokaa kuamua kesi, haikumwachia yeye pia, ilisema ana makosa asilimia 20 ikamkata. Zile dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni ambazo watu wanazitaja jaji alizishusha hadi 480,000, halafu wakamalizana wenyewe kwa siri. Hela ya bure siioni hapo.

Ila barua yako imenikumbusha kitu cha nyumbani. Maji ya hita yakiwa nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde 5 hivi, mtoto hata hizo hafiki, shusha hita iwe kwenye 49. Mtu akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili, vua pete na nguo ambayo haijaganda kwenye ngozi. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana, barafu hapana. Najua bibi alifanya hivyo na ukapona, ulipona licha ya ile dawa ya meno.

SWALI: Fundi rangi alianguka kwenye ngazi yangu, kidato cha tatu kilikuwa kimelegea nikakifunga waya. Anataka nimlipe. Si alipaswa kuja na ngazi yake? – Mwenye nyumba

JIBU: Kaka, huo waya ndo shida. Umeufunga kwa mkono wako, maana yake ulijua. Angeleta ngazi yake mbovu akaanguka nayo hapo tungeongea mengine, lakini we umempa kitu unachojua kina kasoro na hukumwambia (au ulimwambia? kama ulimwambia na kuna shahidi hiyo inabadilisha mambo). Angalia kama bima ya nyumba unayo, wape wao taarifa na usiandike meseji ya "nisamehe ni kosa langu" kabla hujaongea nao. Hospitali mpeleke lakini, hilo halisubiri bima. Na hiyo ngazi ipige picha leo uifungie mahali, asiipande mtu tena, ila usiitupe wala kuikata, ni ushahidi. Ukinunua nyingine, kila mita 4 za urefu mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani.

SWALI: Eti vile vibetri vya duara vya rimoti mtoto akimeza anaweza kufa, au wananitisha? – Mama wa mtundu

JIBU: Hawakutishi mama. Kikikwama kooni umeme wake unachoma nyama ya koo, na saa 2 tu zinatosha kuharibu vibaya. Usimtapishe, usisubiri uone kama kitatoka chooni, hospitali moja kwa moja na uwaambie ni betri, ukiweza nenda na rimoti yenyewe waone saizi. Marekani mwaka 2022 walitunga sheria kuwalazimisha wanaotengeneza vitu hivi waweke vifuniko ambavyo mtoto hafungui. Kwako we angalia vitu vyote vya zamani, mizani, kadi za kuimba, taa ndogondogo, kama kifuniko hakina skrubu kizungushie utepe wa gundi au kitoe kabisa ndani ya nyumba, na vibetri vilivyokwisha usiviache mezani kwa sababu hata vikiwa havichezeshi rimoti bado vina umeme wa kutosha kuchoma.