Tukiambiwa tuhame, tulale wapi?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mlima unapoporomoka na kuua watu, alaumiwe nani kati ya mvua, serikali na wale waliojenga mlimani? Naandika kutoka Tanga mjini, lakini nimezaliwa na kulelewa Usambara, juu ya Soni, nikafundisha jiografia wilayani Lushoto mpaka nilipostaafu. Ndugu zangu wengi bado wanaishi kwenye miteremko ileile. Swali hili kwangu si la mjadala tu.

Katika hao watatu simchagui hata mmoja. Ninavyoona mimi, watu wanakufa katika zile saa chache baina ya dalili ya kwanza na ardhi kukatika, kwa sababu kitongojini hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusema "usiku huu hapa hatulali", na hata angekuwepo, hana nyumba ya kuwapeleka watu.

Nianze na mvua. Usambara ni milima ya kale, sehemu ya Tao la Mashariki linaloanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Mwamba wake umeoza kwa joto na maji kwa muda mrefu mno, ndiyo maana juu ya jiwe gumu tuna udongo mwekundu wenye kina kirefu.  Hatari huwa kubwa zaidi pale ardhi inapokuwa imekwisha kushiba mvua ya siku kadhaa, halafu juu yake inashuka moja nzito. Maji yaliyozama yanakuta mwamba, hayana pa kupitia, yanaanza kuunyanyua udongo kutoka chini. Udongo unaongezeka uzito na papo hapo unapoteza mshiko.

Mizizi ya miti mikubwa huchelewesha jambo hilo. Tarehe 23 Februari 1970, upande wa Mgeta katika milima ya Uluguru, zilinyesha zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa zisizozidi tatu, na ardhi ikakatika mahali zaidi ya elfu moja. Wataalamu waliokwenda kuhesabu walikuta kwamba maporomoko yaliyotokea ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Karibu yote yalikuwa mashambani na malishoni. Takwimu hiyo niliifundisha kila mwaka, na kila mwaka palikuwa na mwanafunzi aliyeuliza: sasa mwalimu, sisi ambao msitu ulikwisha kabla hatujazaliwa, tufanyeje? Nililiheshimu swali hilo kuliko majibu niliyokuwa nayo. Miti ipandwe, ndiyo, lakini mti wa leo hautamlinda mtu masika ijayo.

Wanaolaumu waliojenga mlimani wangekwenda kwanza wakatazame wanajengaje, na kwa nini. Lushoto hakuna kiwanja cha bapa kinachomngoja mtu. Kijana anapewa na baba yake kipande cha mteremko, anakichimba mpaka apate pa kusimamisha vyumba viwili na jiko. Nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo uliosimama wima, mara nyingine mrefu kuliko paa. Anaezeka bati bila mfereji, na maji yote ya upande wa nyuma yanadondokea chini ya ukuta ule, palepale anapolaza watoto. Hapo mfereji wa bati na mtaro wa kupeleka maji pembeni vingesaidia kuliko hotuba yoyote, na fundi wa kijijini anaweza kuvifanya. Lakini kumwambia tu kijana yule ahame ni kumtaka aache shamba, makaburi ya wazee na soko la mboga alilolizoea. Uganda walijaribu. Baada ya tope kufukia kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, Machi 2010, walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa na Mlima Elgon. Baadhi yao walirudi. Siwalaumu, maana ardhi ya volkano ile ina rutuba, na mtu huishi pale anapopata chakula.

Sasa nieleze nilichokishuhudia kwa ndugu zangu mwenyewe. Ilikuwa vuli, nikiwa nimekwenda kumjulia hali mama mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na ardhi imelowa mpaka ukikanyaga uwanja unadidimia. Jioni vijana wakaja na simu zao: Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, mkoa wa Tanga umetajwa. Wakati uleule jirani wa juu akaleta habari kwamba kwenye shamba lake la viazi pametokea ufa wa kuingiza mkono, na chemchemi ya chini imeanza kutoa maji mekundu. Kwa mtu aliyesoma jiografia, hizo ni dalili zinazotosha. Nikamwambia, "Mama, twende tukalale kwingine." Akanitazama, akasema, "Kwingine ni wapi, mwanangu? Na nikiondoka, ng'ombe atakatiwa majani na nani?"

Sikuwa na jibu. Ng'ombe yule ni wa maziwa, wa kufugwa ndani. Ndiye aliyesomesha wajukuu wawili. Shule ilikuwa imefungwa na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu ng'ambo ya korongo. Msikiti ulikuwa wazi, lakini umejengwa chini ya mteremko uleule. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na tochi, mtu mwema, akatuambia tuwe waangalifu, kisha akaenda kuwaambia wengine hivyo hivyo. Tulikesha tumekaa, viatu miguuni. Kabla ya alfajiri udongo ulikatika upande wa pili, ukachukua mashamba na migomba ukaingia korongoni. Hakufa mtu, na kijiji kizima kilishukuru Mungu. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kuuliza mara nyingine tutalala wapi.

Ndiyo maana nikisoma kwamba "wananchi walipuuza tahadhari" roho inaniuma. Mama mdogo hakupuuza kitu. Alisikia, akaelewa, akapima, akaona hana pa kwenda.

Kuhusu serikali niseme kwa haki. Tahadhari siku hizi zinafika. Watu wa mlimani wanajua tofauti ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji. Ila utabiri unataja mkoa, nao mkoa wa Tanga una pwani, nyika na milima. Hakuna mtabiri atakayeutaja mteremko wa mama mdogo. Anayeweza kuutaja ni mtu anayeishi chini yake, aliyeona ufa na kuonja maji ya chemchemi. Huyo ndiye wa kupewa nguvu, na kwa vijiji nilivyovijua, kamati ya huko chini ni orodha ya majina kwenye faili la mtendaji.

Wapo watakaosema, basi serikali iamuru, mgambo wawatoe watu kwa nguvu. Usambara tuna historia ya amri. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, baadaye wakaupeleka sehemu nyingine za milima. Kila mtu alitakiwa kulima matuta ya kukinga maji, asiyelima anatozwa faini. Udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa ikiangukia wanawake, na hakuna aliyewauliza wenye mashamba lolote. Watu waligoma, wengine walibomoa matuta, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine kwa msaada wa Wajerumani, tuliouita SECAP. Huo ulipanda majani ya guatemala kwenye mistari ya kukinga mteremko, na watu waliyapokea kwa sababu ng'ombe anayala. Majani hayo mpaka leo utayaona kwenye kingo za mashamba, hakuna anayesimamiwa kuyapanda. Kwa hiyo amri ya kuondoka usiku itatiiwa pale tu ambapo wanaoamriwa walishiriki kuipanga mchana, na ng'ombe wamepangiwa nafasi.

Uswisi waliweza jambo hilo si zamani sana. Mei 2025, kijiji cha Blatten kilikuwa chini ya mlima uliokuwa ukimwaga mawe juu ya barafu. Waliokuwa wakiutazama mlima walipoona unasogea, wakazi wapatao 300 waliondolewa tarehe 19, mifugo pia. Tarehe 28 barafu, mawe na tope vikashuka vikafukia sehemu kubwa ya kijiji. Alikufa mtu mmoja. Najua atakayesema Uswisi ni matajiri, wana vyombo, na ni kweli. Lakini katika siku zile tisa kilichookoa watu ni kwamba palikuwa na mtu wa kutazama, mtu wa kuamua, na mahali pa kulala palipojulikana. Mawili ya mwisho hayahitaji chombo chochote. Kwetu sisi, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na vijiji jirani asubuhi na mapema tarehe 3 Desemba 2023, lilikuta watu majumbani, wakafa zaidi ya 80. Na Novemba 2009 huko Goha, milima ya Upare, wilaya ya Same, familia zilifukiwa usiku. Walikufa watu zaidi ya 20.

Ningependa basi kila kitongoji cha milimani kiitishe mkutano kabla ya vuli na kabla ya masika, ajenda moja tu. Wachague nyumba ya kukimbilia, na wasiichague kwa sababu ni kubwa. Kule Nametsi baadhi ya waliofukiwa walikuwa wamejikinga mvua kwenye kituo cha afya. Wazee waulizwe, maana wao ndio wanaokumbuka udongo ulipita wapi walipokuwa watoto, na tope hupenda njia yake ya zamani. Bega pana la mlima lisilo na korongo nyuma yake linafaa kuliko bondeni, hata kama bondeni ndiko kuliko na jengo zuri. Ufunguo wa jengo ukae kwa watu wawili, mmoja wao mwanamke. Atajwe kwa jina kijana wa kumbeba kila mzee asiyeweza kutembea. Mifugo ipangiwe shamba la mtu, na mwenye shamba akubali mbele ya mkutano.

Halafu wachague watu watatu, si lazima wawe viongozi, ambao yeyote kati yao akiona ufa mpya, miti iliyoinama, chemchemi iliyogeuka rangi, au mto uliopungua ghafla huku mvua inanyesha, ana haki ya kuamuru watu waondoke bila kungoja simu ya wilayani. Mto kupungua ndiyo dalili ninayoiogopa zaidi: maana yake juu pameziba. Vipaza sauti vya misikiti vipo, kengele za makanisa zipo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kila mtu ajue jambo lenyewe ni lipi kabla haijalia. Kutakuwa na usiku ambao watu wataondoka na mlima usianguke. Hao watatu wasichekwe wala wasishitakiwe, na hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Jambo la kuokoa nalo lipangwe. Julai 2024 huko Gofa, kusini mwa Ethiopia, ardhi ilifukia nyumba, majirani wakakimbia na majembe kuchimba, na poromoko la pili likawafunika wao. Walikufa zaidi ya watu 200. Sisi nasi ni watu wa kukimbilia jirani, na nisingependa tuache. Lakini awekwe mtu mahali palipo salama, kazi yake kutazama juu tu na kupiga filimbi, na wanaochimba wawe wachache kwa zamu.

La mwisho linawahusu wa chini, Mombo na Korogwe. Mafuriko ya makorongo hushuka kutoka mlimani hata pale Mombo kukiwa na jua, na watoto wanachota mchanga mtoni. Wauza mboga wa Soni na wa Mombo wana namba za simu za wenzao kwa ajili ya bei ya kabichi na karoti. Nawaomba viongozi wa masoko hayo mawili wakubaliane kwamba mto ukijaa Soni, simu ya kwanza ipigwe Mombo, saa yoyote, na huko Mombo awepo mtu mmoja anayejulikana wa kuipokea na kwenda mtoni kuwatoa watoto. Kama tayari kuna soko lenye utaratibu huo, wasomaji wa huko watuandikie umeanzishwaje na nani analipia vocha.